Kioo cha Treni Kina Picha Mbili

Mwezi uliopita shemeji yangu alimpeleka binti yake Chuo Kikuu cha Dodoma. Walivuka kwa boti ya asubuhi, wakalala Dar es Salaam kwa jamaa, na siku ya pili wakapanda treni ya umeme. Anakaribia miaka 60 na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda treni. Safari nzima alikaa dirishani akipiga picha. Aliporudi Unguja alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu na simu mkononi, maana mimi riziki yangu ni kupiga picha za harusi, na swali lake lilikuwa moja tu: anunue simu gani, kwa sababu hii imemuangusha.

Nikazitazama zote. Milima ya Uluguru ilikuwemo, lakini katikati ya mlima palikuwa na wingu jeupe lenye umbo la bega. Kwenye picha nyengine taa mbili za dari zilielea juu ya mashamba ya mkonge. Nguzo za umeme zimelala upande kama minazi ya pwani ya Jambiani. Moja haikuwa na kitu isipokuwa tone la mvua, limetoka safi kila pembe, na nyuma yake ukungu wa kijani. Simu ilikuwa nzima. Simu hiyo hiyo aliwahi kupigia picha za sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, na zilitoka vizuri.

Nilimwambia asinunue kitu. Tukakaa barazani mpaka adhana ya magharibi nikimueleza. Naandika hapa yale tuliyozungumza, pamoja na mengine niliyoyafikiri baada ya yeye kuondoka, kwa sababu naona picha za aina hii kila siku kwenye simu za watu, na kila mtu analaumu simu.

Sisi visiwani hatuna treni leo, ingawa tulikuwa nazo kabla ya wengi. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alikuwa na reli yake ya kwendea kasri la Chukwani. Kisha mwaka 1905 ikaanza reli ya Bububu, maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Ikasita miaka ya 1920, na leo safari hiyo tunaimaliza kwa daladala namba 502. Kwa hiyo Mzanzibari anayepanda treni Dar es Salaam mara nyingi hana pa kujifunzia kabla ya siku yenyewe. Lakini boti ina vioo, daladala zina vioo, na kioo ni kioo.

Dirisha si tundu

Ukitazama nje kupitia kioo unaamini unatazama kupitia uwazi. Akili ndiyo inayokudanganya hapo, kwa wema. Macho mawili yanapima umbali, akili inajua kwamba bega lako liko karibu na mlima uko mbali, basi inalisahau bega na kukuachia mlima. Kamera haina uwezo huo. Inapokea mwangaza wote unaoingia kwenye lenzi, wa mlima na wa bega, na kuulaza kwenye picha moja.

Na mwangaza wa bega unatoka wapi? Kila uso wa kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwangaza unaoupiga. Kioo kina nyuso mbili, wa ndani na wa nje, kwa hiyo kimoja hurudisha asilimia 8 hivi. Mabehewa yenye viyoyozi kwa kawaida huwa na vioo viwili vyenye hewa katikati, ili joto la nje libakie nje. Hapo nyuso ni nne, na mwangaza unaorudi kwako unakaribia asilimia 15. Unaweza kuliona jambo hili nyumbani. Usiku, zima taa, washa kiberiti mbele ya dirisha la kioo na utazame kwa upande kidogo: utaona ndimi mbili za moto zimegandana, moja kwa kila uso. Dirisha la vioo viwili litakuonyesha nne, jozi mbili. Ndiyo maana taa ya behewa kwenye picha ya shemeji ilikuwa mbili: taa ni moja, vioo ndivyo viwili.

Kwa hiyo kila dirisha lina picha mbili, ya nje inayopita na ya ndani inayorudi, na hizo mbili zinashindana. Mchana wa jua kali, nje kuna mwangaza unaouzidi wa ndani ya behewa mara mia na zaidi. Asilimia 15 ya mwangaza mdogo wa ndani haifui dafu mbele ya shamba lililowaka jua, na ndiyo maana mtu anaweza kusafiri saa nzima bila kuona tatizo. Kisha treni inaingia kwenye kivuli cha mlima, au wingu linafunika, au jioni inaingia, na mizani inageuka. Kwenye mahandaki ya Kilosa mizani inapinduka kabisa: dirisha linakuwa kioo cha kujitazamia, unaona abiria wote na huoni nje hata chembe.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalioni mpaka waonyeshwe. Ushindani huu haufanyiki kwenye picha nzima kwa pamoja. Unafanyika kila sehemu peke yake. Palipo na mbingu nyeupe, picha ya ndani inafutika. Palipo na mlima wenye kivuli, au mti mweusi, au mlango wa nyumba, picha ya ndani inatokeza. Bega la shemeji halikuonekana kabisa juu ya mbingu. Lilianza pale mlima ulipoanza, kama mtu amelikata kwa mkasi.

Kwa nini bega likawa jeupe kiasi kile? Alikuwa amevaa kanzu. Jua lilikuwa likiingia kwa madirisha ya upande wa pili na kumpiga mgongoni na begani. Kitambaa cheupe kinarudisha sehemu kubwa ya mwangaza unaokiangukia, na mbele ya dirisha kinakuwa taa. Mimi husafiri na buibui, na miaka mingi nilidhani nina bahati na madirisha. Haikuwa bahati, ilikuwa buibui. Kitu cheusi kilicho karibu na kioo hakina cha kukirudishia, na mahali pake pote kwenye dirisha panabaki wazi kwa picha ya nje.

Ukishalielewa hilo, dawa inajitokeza yenyewe, na ni rahisi. Chukua kipande cha kaniki, au mtandio wowote mweusi usiopitisha mwanga. Jifunike kichwa pamoja na simu, kisha bana kingo za kitambaa kwenye kioo juu na kwa pembeni. Umejenga chumba cha giza kidogo kati yako na dirisha. Wapiga picha wa zamani walifanya hivyo hivyo nyuma ya sanduku zao za kamera, ili giza liwaonyeshe picha hafifu iliyokuwa kwenye kioo cha nyuma. Abiria wenzako watakutazama dakika mbili za mwanzo, halafu watasinzia. Kama huna kitambaa, igusishe simu karibu na kioo kadiri inavyowezekana na uzungushe kiganja kuifunika pembeni. Flashi izime tangu mwanzo. Flashi ndani ya dirisha ni kujimulika mwenyewe. Na kioo cha simu nacho kinang'aa, basi punguza mwanga wake.

Kusogea karibu kunasaidia kwa sababu ya jiometri tu. Simu ikiwa mbali na kioo, lenzi inaona eneo kubwa la kioo, na eneo hilo linarudisha mambo mengi: siti, taa, uso wako. Simu ikikaribia, eneo linaloonekana linakuwa dogo kama kisahani, na kitu pekee kinachoweza kujirudisha hapo ni simu yenyewe, ambayo umeshaifunika.

Wengi hupenda kupiga kichwa cha treni yao wenyewe pale reli inapopinda, hasa ile yenye pua kali ambayo watu wameipa jina la Mchongoko. Inapendeza kweli, lakini jueni gharama yake. Ukitazama kioo moja kwa moja mbele yako, kila uso unarudisha ile asilimia 4. Ukitazama kwa mshazari wa nyuzi 70 kutoka hapo, kila uso unarudisha asilimia 17. Hapo kaniki si hiari tena. Na kwa sababu unapita ndani ya kioo kwa mlalo, ukungu na mikwaruzo yote ya kioo inaongezeka pia.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya kichujio cha polaraiza, kile kinachozungushwa mbele ya lenzi na kuua mng'aro. Kinafanya kazi, ila kwa masharti. Mng'aro wa kioo unakubali kuuawa vizuri kwenye pembe ya nyuzi 56 hivi; ukikielekeza kioo moja kwa moja, kichujio hakikusaidii chochote. Kinakula nusu ya mwangaza na zaidi, na kwenye treni mwangaza ni mali. Tena vioo vya usalama vilivyoimarishwa kwa joto vina mvutano ndani yake, na kichujio hicho kinaufanya uonekane kama madoadoa ya rangi za upinde wa mvua. Aliyewahi kuvaa miwani ya jua ya aina hiyo akatazama kioo cha nyuma cha teksi ameyaona madoadoa hayo. Mimi kichujio changu nakiacha nyumbani nikipanda treni, nabeba kaniki.

Tone la mvua na ndara iliyokatika

Ile picha ya tone la mvua ilikuwa na sababu nyengine. Simu inatafuta kitu cha kukikazia, na tone lenye kingo kali lililo karibu linaita kuliko mlima ulio mbali kwenye ukungu. Simu nyengine zinapima umbali kwa mwali wa leza usioonekana. Mwali unapiga kioo, unarudi, na simu inaamini kwamba dunia inaishia hapo. Dawa ni kuiamulia. Elekeza simu kwenye mlima au mti wa mbali, bonyeza mahali hapo kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka ikuambie imefunga. Baada ya hapo haitahangaika. Kama simu yako ina sehemu ya kurekebisha kwa mkono, peleka kwenye alama ya mlima, yaani mbali kabisa, na uiache hapo safari nzima. Kwenye dirisha la treni hakuna kitu cha karibu chenye thamani.

Uchafu wa kioo una hesabu yake, na mimi hesabu hii inanipendeza. Tundu la lenzi ya simu, lile linalopitisha mwangaza, lina upana wa milimita 3 na ushei. Lenzi ya kamera yenye milimita 50 ikifunguliwa mpaka f/2, yaani 50 igawe kwa 2, ina tundu la milimita 25. Sasa weka tone la milimita 2 mbele ya kila moja. Kwenye kamera tone hilo linaziba chini ya asilimia 1 ya njia ya mwangaza, na halionekani kabisa. Kwenye simu linaziba zaidi ya theluthi. Ndiyo maana mwenye kamera kubwa hupiga kupitia kioo kichafu bila kujali, na mwenye simu anapata doa katikati ya kila picha.

Ila hesabu hiyo hiyo inampa mwenye simu faida ambayo mwenye kamera hana. Yeye anahitaji mahali safi pa ukubwa wa kucha tu. Kwenye dirisha lolote, hata lile la boti lililogandwa na chumvi, ukitafuta kwa jicho utapapata. Sogeza simu sentimita moja kushoto, moja juu, mpaka doa liondoke. Kabla ya hapo futa upande wa ndani kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta ya vichwa vya abiria waliolala hapo kabla yako ni mabaya kuliko vumbi la nje. Yanasambaza mwangaza na kuifanya picha nzima iwe kama imepakwa maziwa. Futa na lenzi ya simu. Hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi ya yote.

Usiikandamize simu kwenye kioo. Kioo cha treni kinatetemeka, na simu iliyogandishwa hapo inatetemeka nacho. Acha nafasi ya unywele, au weka kidole kidogo kati yake kama mto. Mimi nimetengeneza kitu kwa ndara kuukuu nyeusi. Nilikata duara la ukubwa wa bilauri kwa wembe, nikatoboa katikati tundu pana, kisha nikaling'ata pembeni kidogo kidogo kwa mkasi mpaka lenzi zote za simu zikaonekana bila kuzibwa pembe. Unene wake ni sentimita moja na nusu. Unalishika kwa vidole pamoja na simu, unalilaza kwenye kioo: mpira unameza mtetemo, na weusi wake unazuia mwanga wa ndani. Tundu likiwa jembamba utapata picha yenye pembe nyeusi. Hapo liongeze, au kata ndara nyengine. Kitambaa kwenye siti zenye mapazia kinatosha, lakini safari ya jioni nabeba duara langu.

Mbali kunasimama, karibu kunakimbia

Sasa mwendo. Treni ya umeme inafika kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 na ushei kila sekunde. Mtu akisikia hivyo anadhani haiwezekani kupata picha iliyotulia. Inawezekana sana, mradi uchague umbali.

Chukua simu ya kawaida yenye picha ya pikseli 4,000 kwa upana, yaani vile vidoto vinavyoiunda picha. Lenzi yake kuu, kwa kitu kilicho mita 10 kutoka dirishani, inaona upana wa mita 14 hivi. Shata, ile inayoamua kamera ipokee mwangaza kwa muda gani, ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, treni imesogea sentimita 4 na ushei, na kwenye picha hiyo kichaka cha mita 10 kimeburutwa pikseli 13 hivi. Utakiona kimefutika. Nyumba iliyo mita 100 imeburutwa pikseli 1 tu, na jicho halijui. Mlima ulio kilomita kadhaa haujasogea. Basi kwa 1/1000, kila kitu kilicho zaidi ya mita 100 kimetulia. Shata ikiwa ya polepole mara kumi, 1/100, mpaka huo unarudi nyuma mara kumi: kinachotulia ni kile cha kuanzia kilomita 1.

Simu nyingi hujichagulia shata zenyewe. Jua likiwa kali zinakwenda 1/1000 na zaidi bila kuombwa, na hapo unaweza kupiga kijiji, ng'ombe, mtu na baiskeli yake. Mawingu yakizidi au jioni ikiingia zinashuka 1/100, hata 1/50. Hapo acha vijiji, piga mstari wa milima na mbingu. Hali ya usiku, ile inayokuambia utulize mkono sekunde mbili tatu, usiiguse kabisa. Inakusanya picha nyingi na kuzipachika pamoja, na kwenye treni hakuna mbili zinazofanana.

Treni haiendi 160 muda wote, na hapa msafiri anaweza kuwa mjanja. Inapokaribia stesheni, Ngerengere au Kilosa kwa mfano, inapunguza mwendo kwa dakika kadhaa. Ikishuka 40 kwa saa, mpaka wa mita 100 unakuwa mita 25. Picha za karibu ziweke kwa wakati huo.

Nguzo za umeme zinahitaji subira yake. Zikiwa zimeachana mita 50, inakupitia moja kila sekunde moja na kidogo, na ukisubiri uione kabla ya kubonyeza umeshachelewa. Lakini zina mdundo. Gonga kidole gotini zinapopita, mara nne tano, mwili ukishaushika mdundo bonyeza kati ya pigo na pigo. Mtu aliyezoea kupiga makofi kwenye maulidi hatapata tabu. Kinyume chake ni kupiga picha mfululizo kumi na kuchagua baadaye, na simu inajaa.

Na kule kuinama kwa nguzo? Watu wanafikiri ni shata ya polepole. Hapana, na ndiyo maana kuongeza shata hakusaidii. Kihisi cha simu, kile kinachopokea mwangaza nyuma ya lenzi, hakisomi picha yote kwa mara moja. Kinasoma mstari baada ya mstari, kuanzia juu kwenda chini. Tuseme usomaji wote unachukua 1/50 ya sekunde. Kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho treni imeshakwenda karibu mita 1. Ncha ya nguzo imeandikwa ilipokuwa mwanzo, shina lake limeandikwa mita moja baadaye, na wewe unaona nguzo imelala. Hakuna kilichofutika, kila mstari ni safi. Ni mistari tu haikuandikwa wakati mmoja. Ukiishika simu wima badala ya kuilaza, usomaji unakwenda kwa upande, na nguzo itasimama wima, ila vitu vitatanuka au kubanwa kidogo kwa upana. Nyumba iliyobanwa kidogo haijulikani. Nguzo iliyoinama inajulikana. Kwa hiyo penye nguzo nyingi mimi hushika simu wima.

Upande wa kukaa

Shemeji aliniuliza upande gani wa kukaa, na hapa nikampa jibu la kibaharia. Reli ya Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa jumla inaelekea magharibi, basi upande mmoja wa behewa ni kusini na mwengine kaskazini. Wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini, Juni, Julai, Agosti, jua limehamia kaskazini. Adhuhuri ya Juni huku kwetu limeinama kaskazini nyuzi 30 kutoka utosini. Wakati wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini, Disemba na Januari, limeinama kusini. Yaani jua liko kule upepo unakokwenda, na kivuli kiko kule upepo unakotoka. Si sadfa: pepo hizi za misimu huvuma kuelekea upande ambao jua linaupasha zaidi. Asiyejua dira lakini anajua kama ni kusi au kaskazi anaweza kukata tiketi yake.

Upande wa kivuli ni bora kwa sababu jua halipigi kioo chako, na kioo kisichopigwa jua hakionyeshi vumbi lake. Pia unayoyatazama nje yamemulikwa usoni, hayajamulikwa kwa nyuma. Kwa hiyo msimu wa kusi, ukienda Dodoma, kaa kushoto. Uluguru nayo iko kushoto unapofika Morogoro. Disemba jua la adhuhuri limeinama nyuzi 17 tu, paa la behewa linalizuia, basi bado ningekaa kushoto kwa ajili ya milima. Baada ya Kilosa reli inapinda pinda na hesabu hii inalegea. Na kumbuka lile la kanzu: ukikaa kivulini, jua linaingia kwa madirisha ya wenzako wa upande wa pili na kukupiga mgongoni. Waombe kwa adabu wateremshe pazia, au jifunike.

Madirisha yanayofunguka, kama ya treni za TAZARA, yanaondoa habari yote ya kioo. Njia hiyo ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, na mwendo wake wa taratibu ni rafiki wa picha. Lakini simu ifungwe kamba mkononi, na mkono usitoke nje ya dirisha. Matawi na nguzo hazitoi onyo.

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Reli hupita nyuma ya nyumba za watu, kule uani, ambako mtu hajajiandaa kuonekana: anamuogesha mtoto, anaanika nguo, amefunga kanga kifuani. Huyo hakukuona na hukumuomba. Mpite. Kambi na vituo vya jeshi pia usivielekezee simu.

Na kuna mtu mwengine ambaye hukumuomba, yuko ndani ya behewa pamoja nawe. Mwaka juzi nilikuwa narudi kutoka Morogoro magharibi imeingia. Ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja kijana na mtoto mchanga. Amelegeza mtandio wake, ananyonyesha, na waliokaa karibu walikuwa wanawake peke yao. Nilipiga mawingu mekundu juu ya vilima vyeusi. Simu ilionyesha picha nzuri, nikaiacha. Nyumbani, nilipoongeza mwangaza ili vilima vitokeze kidogo, kilichotokeza si vilima. Ni yule mama, uso wake na nywele zake na mtoto kifuani, amekaa ndani ya giza la mlima. Mimi kazi yangu ni harusi za wanawake, ambako simu hukusanywa mlangoni ili picha isitoke nje. Na hii nilikuwa nimebakisha kidole tu niitume kwenye kundi la ukoo lenye watu zaidi ya mia. Niliifuta palepale.

Tangu siku hiyo, picha yoyote ya dirishani naivuta kwanza, naongeza mwangaza mpaka mwisho, nazipitia sehemu za giza moja moja: mlima, mti, kivuli cha paa. Kama pana mtu nampa stara yake, ndipo natuma.

Tulizipitia za shemeji vivyo hivyo, barazani, yeye ameshika simu na mimi nikimuelekeza kidole. Nyingi hazikuwa na kitu. Kwenye moja ya karibu na Kilosa, mlima umefunika dirisha zima, tulipoongeza mwangaza alitokea binti yake amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mkono umeshika mkoba wa skuli mapajani. Shemeji aliitazama kwa muda. Picha zote zile za safari, hakuwa amempiga hata moja. Akaniuliza kama naweza kumsafishia ile, saizi kubwa, na mlima niuache ulivyo.